Gilgamesh au Odyssey: utenzi upi uanze nao?

Kozi za utangulizi wa insia hufika mahali mwanafunzi akaambiwa achague: chukua utenzi mmoja wa kale, usome mzima, uuandikie insha ya muhula. Orodha inaweza kuwa ndefu, lakini wengi hubaki wakipima tendi mbili, Gilgamesh wa Mesopotamia na Odyssey wa Wagiriki. Na wengi huamua kwa sababu zisizohusu tendi zenyewe. Huu ni mfupi. Ule nimeshausikia. Huu una zimwi la jicho moja.

Nimezisoma zote mbili na wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa mihula kadhaa, na sasa nina msimamo. Usianze kwa kuuliza upi ni mzuri zaidi. Uliza kila mmoja ulitufikiaje. Gilgamesh ulitufikia kwa udongo, Odyssey ulitufikia kwa mdomo, na karibu kila jambo litakalokufurahisha au kukuchosha katika usomaji wako linatoka hapo.

Udongo

Gilgamesh anasimuliwa kuwa mfalme wa Uruk, mji uliokuwa kusini mwa Iraki ya leo. Habari zake zilianza kama tungo fupi fupi za Kisumeri. Yapata mwaka 1800 KK zikashonwa kwa Kiakadi, lugha ya Wababeli, zikawa utenzi mmoja, na kati ya mwaka 1200 na 1000 KK utenzi huo ukapata sura tunayoisoma zaidi leo: vibao 12 vya udongo vyenye mwandiko wa kikabari, ambavyo waandishi wa Mesopotamia wenyewe walivihusisha na msomi aitwaye Sin-leqi-unninni. Nakala nyingi muhimu zilitoka Ninawi, mji wa Waashuri, katika maktaba ya mfalme Ashurbanipal. Ninawi iliteketezwa mwaka 612 KK. Karatasi ingegeuka majivu, lakini udongo ukiingia motoni huokwa tu.

Kisha kikaja kimya cha miaka zaidi ya 1,800. Vibao vilifukuliwa katikati ya karne ya 19, na mwaka 1872 George Smith, ambaye kazi yake ya awali ilikuwa kuchonga mabamba ya kuchapia noti, alisoma hadharani mjini London kipande chenye habari za gharika. Utenzi ambao wanafunzi wa uandishi wa Mesopotamia walikuwa wakiunakili kizazi baada ya kizazi ulirudi duniani ukiwa vigae, na kazi ya kuviunganisha haijaisha. Mwaka 2011 jumba la makumbusho la Sulaymaniyah huko Iraki lilipata kipande kingine. Kilipochapishwa mwaka 2014 kilileta mistari ambayo hakuna msomaji wa kisasa aliyewahi kuiona: msitu wa mierezi uliojaa sauti za ndege na nyani, na baadaye Enkidu akimwambia rafiki yake kwamba wameufanya msitu ule kuwa ukiwa.

Ukifungua tafsiri makini utakutana na mabano, nukta, na mistari inayokatikia hewani. Wanafunzi wengi hukasirika wiki ya kwanza. Nawaelewa, ila naamini hapo ndipo penye somo kubwa kuliko yote ya utenzi huu. Unalazimika kutenga kinachosemwa na maandishi na kile unachokisia wewe. Ukishazoea kusema "hapa kibao kimevunjika, mfasiri amejaza", utaanza kuyaona makisio hata katika vitabu visivyo na ufa wowote.

Mdomo

Odyssey haujavunjika. Mistari 12,100 na ushei, iliyogawanywa katika vitabu 24, yote ipo. Ugumu wake uko kwingine, kwenye marudio. Alfajiri huja na vidole vyake vya waridi, na kesho yake huja navyo tena. Meli ni nyepesi hata ikiwa imefungwa pwani. Mgeni huoshwa mikono, huandaliwa chakula, ndipo huulizwa jina lake na kwao, kwa maneno karibu yale yale, nyumba baada ya nyumba. Msomaji asiyejua sababu hudhani mtunzi kaishiwa.

Sababu ilidhihirika katika miaka ya 1930, mtafiti wa tendi za Kigiriki Milman Parry na msaidizi wake Albert Lord walipokwenda Yugoslavia kuwarekodi waimbaji wa tendi waliokuwa hai. Mmoja wao, Avdo Međedović, hakujua kusoma wala kuandika, naye mwaka 1935 aliwatolea kwa mdomo utenzi wa zaidi ya mistari 12,000, urefu wa Odyssey. Hakuwa ameukariri neno kwa neno. Alikuwa akitunga huku akisimulia, kwa mafungu ya maneno yaliyokwisha kukatwa yakaenea kwenye mizani, na kwa matukio ambayo mpangilio wake aliujua kama anavyojua njia ya nyumbani. Utenzi wa Odyssey, tunaouhusisha na mshairi aitwaye Homer, ambao wataalamu wengi huuweka karne ya 8 au ya 7 KK, umezaliwa na ufundi wa namna hiyo.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana mtaji. Aliyewahi kumsikiliza mtambaji hodari anajua kwamba kibwagizo hakitoki kwenye umaskini wa maneno. Ni mahali pa msimulizi kuvuta pumzi na pa wasikilizaji kuingia. Na aliyehesabu mizani nane za utenzi wetu hatashangaa kuambiwa kwamba kila mstari wa Odyssey una mapigo sita, ingawa Kigiriki hupima pia silabi ipi ni ndefu na ipi ni fupi. Kwa hiyo usome kwa sauti. Nimewaona wanafunzi waliokuwa wakisinzia katika kitabu cha pili wakiamka mara tu walipoacha kusoma kimya.

Kuhusu urefu, sitakawia. Gilgamesh unamalizika kwa siku mbili, Odyssey kwa wiki mbili au tatu za kusoma bila pupa. Lakini Gilgamesh ukisomwa mara moja tu hutoa insha nyepesi, kwa kuwa mapengo yake hayaeleweki mpaka ujue yanazungukwa na nini. Unahitaji kusomwa mara tatu. Ukijumlisha saa, tofauti inapungua kuliko inavyoonekana dukani.

Kutokufa: mmoja anakitafuta, mwingine anakikataa

Kama ningeruhusiwa kulinganisha jambo moja tu, ningechukua hili.

Gilgamesh anaanza akiwa mfalme anayewaonea watu wake. Miungu inamfinyangia mwenzake, Enkidu, kwa udongo, ili apate wa kumtuliza. Wanapigana, wanakuwa marafiki wa kufa na kuzikana, wanamuua Humbaba mlinzi wa msitu, wanamuua fahali wa mbinguni aliyetumwa na mungu wa kike Ishtar. Miungu inaamua kwamba mmoja wao lazima afe, na kura inamwangukia Enkidu. Gilgamesh anamlilia siku sita na usiku saba, hakubali azikwe, mpaka funza anapodondoka puani mwa maiti. Mstari huo mmoja wa funza unafanya kazi ambayo kurasa kumi za maombolezo zisingeifanya. Tangu hapo hofu haimwachi tena: na mimi nitakuwa hivyo?

Anasafiri hadi mwisho wa dunia kumtafuta Utnapishtim, mtu aliyeokoka gharika na, pamoja na mkewe, kupewa uhai usio na mwisho. Utnapishtim anampa mtihani mwepesi wa kuchekesha: unayetaka kushinda kifo, kwanza shinda usingizi. Kaa macho siku sita na usiku saba. Gilgamesh anaketi, na usingizi unamfunika kama ukungu. Mke wa Utnapishtim anaoka mkate mmoja kila siku na kuuweka kando ya kichwa chake, ili akiamka asiweze kukana. Anaamka, anasema ndiyo kwanza nisinzie. Anaonyeshwa mikate: wa kwanza umekauka kabisa, wa mwisho bado uko juu ya makaa. Sijui ushahidi mwingine katika fasihi yoyote unaoniumiza kama mikate ile. Baadaye anapata mmea wa kurudisha ujana, nyoka anauiba, naye anarudi mikono mitupu. Akifika Uruk anamwonyesha mvushaji aliyekuja naye kuta za mji: panda juu, tembea, kagua matofali. Ni maneno yale yale yaliyofungua utenzi, ila mwanzoni tuliambiwa sisi, na sasa anayasema yeye mwenyewe.

Tazama pia kinachotajwa pale mwisho anapoueleza ukubwa wa mji: nyumba, bustani za mitende, hekalu la Ishtar, na shimo la kuchimbia udongo. Udongo huo ndio wa matofali ya ukuta. Enkidu alifinyangwa kwa udongo. Na utenzi wenyewe uliandikwa juu ya udongo. Mwanafunzi akiuona uzi huo peke yake, insha yake imeshapata uti wa mgongo.

Sasa mgeukie Odysseus, mfalme wa kisiwa cha Ithaca anayehangaika kurudi kwao baada ya vita vya Troy. Tunapokutana naye ana kwa ana kwa mara ya kwanza, katika kitabu cha tano, ameketi ufukweni kwenye kisiwa cha Calypso analia. Amekaa hapo miaka saba. Calypso ni mungu, anampenda, na anamwahidi kile kile ambacho Gilgamesh alikiendea mwisho wa dunia: asizeeke, asife. Odysseus anakataa. Anakiri waziwazi kwamba mkewe Penelope hawezi kulingana na mungu kwa sura wala kimo, kwamba Penelope atakufa. Hata hivyo anataka kurudi nyumbani.

Mmoja anakosa alichokililia, mwingine anakikataa alichopewa bure, na wote wawili wanaishia mjini kwao wakiwa watu wa kufa. Jiulize ni safari ipi kati ya hizo inayokusumbua wewe. Mtu aliyefiwa karibuni mara nyingi huona Gilgamesh unamsemea. Mtu aliyekaa mbali na kwao kwa miaka huona Odyssey unamjua. Sioni aibu kuchagua kitabu cha darasani kwa kigezo hicho. Insha zilizonigusa zaidi ziliandikwa na watu waliochagua hivyo.

Kama unauchukua Odyssey kwa ajili ya mazimwi

Basi ujue mapema: mazimwi ni wachache kuliko sifa zao. Polyphemus wa jicho moja, Circe mchawi, wanawari wa baharini waimbao, Scylla wa vichwa sita na Charybdis anayemeza maji ya bahari, karibu wote wamo katika vitabu vinne tu, cha 9 hadi cha 12. Na hata humo hatusimuliwi na mtunzi. Odysseus mwenyewe ndiye anayesimulia, baada ya karamu, mbele ya watu anaohitaji wampe meli. Utenzi umeshatuambia kwamba yeye ni fundi wa kusema uongo. Je, tumwamini? Hilo ni swali zuri la insha, na si wengi wanaolichukua.

Kuanzia kitabu cha 13, yaani nusu nzima ya utenzi, Odysseus yuko Ithaca tayari. Amevaa matambara ya ombaomba ndani ya nyumba yake mwenyewe, ambamo wanaume 108 wanakula mali yake na kushindania mkewe. Hakuna dhoruba wala zimwi. Kuna watu wanaopimana kwa macho. Mbwa wake mzee Argos anamtambua, anatikisa mkia, anakufa, na Odysseus inabidi afute chozi kwa siri. Yaya Eurycleia anamwosha miguu, anagusa kovu la pajani, anashtuka hadi maji yanamwagika. Ukipenda simulizi za kasi utaona nusu hii inakokota miguu. Ukipenda kutazama binadamu wakificha na wakifichua, hakuna kitu cha kale kinachoipita, Gilgamesh ukiwemo.

Msomaji anayemkumbuka Fumo Liyongo akikata minyororo kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, huku kelele za ngoma zikifunika sauti ya chuma, atamzoea Odysseus haraka. Nguvu anazo, lakini kinachomtoa shimoni ni akili. Tena ni akili ya maneno. Anamwambia Polyphemus kwamba jina lake ni Hakuna Mtu, akishamtoboa jicho, majirani wanauliza ni nani anayekuua, naye analia, "Hakuna Mtu!" Nao wanarudi kulala. Kiswahili kinalibeba fumbo hilo bila kujikwaa. Kigiriki kinaongeza fumbo la pili chini yake: moja ya namna za kusema "hakuna mtu" husikika sawa na neno la Kigiriki la werevu.

Tafsiri, na wanawake kumi na wawili

Chaguo la utenzi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni tafsiri, na hapa tendi hizi mbili zina hatari tofauti.

Kwa Gilgamesh, hatari ni ulaini. Yapo matoleo ya kuvutia sana yaliyoandikwa na watu wasiosoma Kiakadi, waliochukua tafsiri za wengine wakaziba mapengo yote. Yanasomeka kama maji. Lakini ukinukuu mstari kutoka humo, huenda unanukuu kitu ambacho hakimo katika kibao chochote. Mfano ninaoupenda ni Siduri, mwenye kilabu cha pombe ukingoni mwa bahari. Katika toleo la kale la Kibabeli anampa Gilgamesh nasaha maarufu: shiba, furahi usiku na mchana, vaa nguo safi, mtazame mtoto anayekushika mkono, mfurahishe mkeo. Katika lile toleo la vibao 12, maneno hayo hayapo. Mtunzi wa baadaye alipata sababu ya kuyaacha, akampa Utnapishtim hotuba nzito zaidi juu ya kifo. Ukisoma toleo lililochanganya yote mawili bila kukuambia, unapoteza nafasi ya kuuliza kwa nini. Tafsiri ya Andrew George ya mwaka 1999 huyatenga matoleo hayo na kuonyesha mapengo. Si laini, lakini ni ya kuaminika, na kwa insha ndiyo ningeishika.

Kwa Odyssey, hatari ni kuongezewa. Katika kitabu cha 22, baada ya wachumba, yaani wale wanaume 108, kuuawa, wanawake watumwa 12 wa nyumba ile wanalazimishwa kubeba maiti na kusafisha damu, kisha Telemachus, mwana wa Odysseus, anawanyonga kwa kamba moja. Utenzi unawafananisha na ndege walionaswa mtegoni wakati wakitafuta pa kulala, na unasema miguu yao ilitapatapa kidogo, si kwa muda mrefu. Kosa lao ni kulala na wachumba. Walikuwa watumwa; kukataa kwao kungekuwa na uzito gani mbele ya wanaume 108 wenye silaha? Baadhi ya watafsiri wa karne ya 20 waliwawekea Telemachus na wenzake midomoni matusi makali dhidi ya wanawake hao, matusi ambayo Kigiriki cha mahali pale hakina, na vizazi vya wasomaji vikafunga kitabu vikiamini wanawake wale walistahili. Tafsiri ya Emily Wilson ya mwaka 2017, yenye idadi ya mistari sawasawa na ya Kigiriki, inawaita watumwa na haiwatukani. Siwezi kumshauri mtu asome Odyssey bila kusimama kwenye ukurasa huo. Tunashangilia kurudi kwa Odysseus kwa vitabu ishirini na kitu, halafu utenzi unatuonyesha gharama yake na nani aliyeilipa.

Gilgamesh hauna tukio la uzito huo kwa upande wa wanawake, ila una Shamhat, mwanamke wa Uruk anayemfundisha Enkidu kula mkate na kuishi na watu. Enkidu akiwa anakufa anamlaani, kisha mungu jua anamkumbusha mema aliyotendewa, naye anaibadili laana kuwa baraka. Ni mistari michache. Ningependa ingekuwa mingi zaidi.

Jambo dogo kabla ya kuiacha tafsiri. Neno la kwanza linalomwelezea Odysseus katika utenzi ni *polytropos*, na watafsiri wamegombana nalo kwa karne nyingi kwa kuwa lina pande mbili: aliyegeuzwa-geuzwa na safari, na mwenye kugeuka-geuka kwa hila. Mimi hulipenda zaidi kwa Kiswahili. Odysseus ni mtu aliyezungushwa, naye ni mtu wa kuzungusha watu. Kitenzi kimoja kinatosha.

Kama insha yako ni ya kulinganisha visasili

Hapo Gilgamesh unashinda, kwa sababu ya kibao cha 11. Gharika yake ina jahazi la ghorofa saba lililo sawa kwa urefu, upana na kimo. Ina ndege watatu waliotumwa, njiwa, mbayuwayu na kunguru. Ina mlima ambapo jahazi linakwama. Na ina sadaka ambayo miungu yenye njaa inaikusanyikia kama nzi. Weka kando yake Atrahasis, utenzi mwingine wa Kibabeli, ambamo gharika inaletwa kwa sababu kelele za binadamu zimemnyima usingizi mungu Enlil. Kisha weka habari za Nuhu katika Mwanzo, ambako sababu ni uovu na dhuluma. Ukitaka kwenda mbali zaidi, Wahindi wana Manu na samaki aliyemwonya, Wagiriki wana Deucalion.

Nakusihi usiandike insha ya "nani alimwiga nani". Nimesoma nyingi, na huishia kuwa orodha ya mfanano. Uliza kila simulizi ilibadilisha nini, na kwa nini badiliko hilo lilihitajika. Mungu anayekerwa na kelele na Mungu anayehukumu dhuluma wanamtazama binadamu kwa macho tofauti kabisa, ingawa maji ni yale yale.

Tahadhari hiyo hiyo naitoa juu ya ile ramani ya "safari ya shujaa" iliyoenezwa na Joseph Campbell mwaka 1949: mwito, majaribu, tunu, kurudi. Ni rahisi kukumbuka, na ndiyo maana wanafunzi huikimbilia. Lakini Gilgamesh anarudi bila tunu yoyote. Na Odyssey unatumia nusu ya mistari yake baada ya shujaa kufika, mahali ambapo ramani ile inakaribia kunyamaza. Mahali utenzi unapokataa kuingia kwenye ramani ndipo ningekushauri uandikie.

Kuzimu, kwa kifupi

Tendi zote mbili zina kuzimu, na sura hizi mbili zinasomeka vizuri pamoja. Enkidu anaota nyumba ya giza ambamo wafu wamevaa manyoya kama ndege na chakula chao ni udongo. Katika kitabu cha 11 cha Odyssey, Odysseus anajaribu mara tatu kumkumbatia mama yake, na mara tatu mama anateleza mikononi kama kivuli. Kisha Achilles, shujaa wa vita vya Troy aliyekwisha kufa, anamwambia angeona heri kuwa kibarua wa mtu fukara juu ya ardhi kuliko kuwa mfalme wa wafu wote. Ukianza na Gilgamesh utakikuta pia kibao cha 12, ambamo Enkidu, aliyekwisha kufa katika kibao cha 7, yuko hai tena mwanzoni. Usichanganyikiwe. Ni tafsiri ya Kiakadi ya sehemu ya utungo wa Kisumeri iliyobandikwa mwishoni. Hadithi yenyewe imefungwa kwenye kibao cha 11, kwenye kuta za Uruk.

Kama hakuna unaokuvuta kati ya miwili hii

Popol Vuh wa Wamaya wa K'iche', huko Guatemala, ungestahili makala yake. Uliandikwa kwa herufi za Kilatini katikati ya karne ya 16, na nakala tuliyo nayo ni ya padri Francisco Ximénez, ya mwanzoni mwa karne ya 18. Miungu inajaribu kuumba watu kwa matope wakayeyuka, kwa mti wakakosa moyo na kumbukumbu, mwishowe kwa mahindi. Watu wa mti wanaangamizwa, na vyungu na mawe yao ya kusagia yanawageukia yakiwalalamikia kwa kuunguzwa na kusuguliwa kila siku. Ni kifupi na kinastaajabisha, ila usikichukue bila kusoma kidogo juu ya uvamizi wa Wahispania, kwani kiliandikwa chini ya kivuli chake.

Kwa Wahindi, Ramayana wa Valmiki una beti zipatazo 24,000 na Mahabharata zaidi ya mara tatu ya hapo. Muhula mmoja hautoshi. Ukitaka kuonja, Bhagavad Gita ni sehemu ya Mahabharata yenye beti 700 tu. Kumbuka kwamba haya ni maandiko ambayo mamilioni ya watu huyasali leo. Hakuna anayemwomba Ishtar, lakini Rama na Krishna wanaombwa asubuhi hii. Lugha ya insha yako iheshimu hilo.

Ningechagua upi

Kwa anayeanza kabisa, ambaye hajawahi kusoma kitu cha kale hata kimoja, naupa Gilgamesh nafasi ya kwanza. Mapengo yake yatamfundisha unyenyekevu wa kusoma mapema, kabla hajazoea kujiamini kupita kiasi. Kwa anayejua kwamba anapenda hadithi, anayesoma riwaya kwa hiari, au anayetaka kuelewa msimulizi hujengaje mashaka na kuyafungua, Odyssey, hata kama wiki zake ni chache. Kama insha ni ya kulinganisha visasili vya mataifa, Gilgamesh bila kusita. Kama ni juu ya nyumba, utumwa, ndoa au uongo, Odyssey bila kusita.

Ukichukua Gilgamesh, soma mara ya kwanza bila kalamu, moja kwa moja hadi kibao cha 11. Mara ya pili weka alama kila panapotajwa udongo, mkate na usingizi. Mara ya tatu soma vibao vya 8 hadi 11 tu, polepole, ukitazama maelezo ya mfasiri juu ya kila pengo.

Ukichukua Odyssey, usiruke vitabu vinne vya mwanzo kwa kuwa Odysseus hayumo. Vinakuonyesha nyumba isiyo na baba, na bila hivyo nusu ya pili haina uzito. Ukizidiwa na muda kabisa, shika cha 1, 5, 9, 11, 19, 22 na 23. Na ukifika cha 23, punguza mwendo. Wachumba wamekufa, nyumba imesafishwa, na Penelope bado hamwamini mtu aliyeketi mbele yake. Anamwagiza mtumishi akitoe nje kitanda cha bwana. Odysseus, aliyewazungusha wote kwa vitabu 22, anapandwa na hasira: nani amekihamisha? Kitanda kile alikichonga mwenyewe, na mguu wake mmoja ni shina la mzeituni lenye mizizi ardhini. Hapo Penelope anajua, na magoti yanamlegea.